Tetere wa Plastiki

Zamani kijiji kizima cha Pote kilingoja shingo ya mtu mmoja iseme ndipo reki ziguse chumvi. Siku hizi kila mtu ana mvua yake ndani ya simu, na hakuna anayemngoja mwenzake.

Shingo hiyo ilikuwa ya mzee Rabuna, na alipofariki ikawa ya mwanawe, Mattali. Baada ya sala ya Alasiri Mattali alikuwa akitoka kwenye msikiti mdogo wa mbao ulio kando ya mfereji, anavua kofia, anashusha ukosi wa shati, anapanda juu ya tuta na kuipa mashariki kisogo. Hakuwa na mbwembwe. Alisimama tu, kama mtu anayesikiliza maneno yanayosemwa chumba cha pili. Upepo ukipita mkavu, ngozi ya shingo ilijikaza, naye alisema, "Iacheni ilale." Maana yake chumvi ibaki kwenye sakafu ya kitalu, maji ya bahari yanapokaukia, inenepe, punje zifike ukubwa wa meno ya mtoto. Upepo ukipita na kitu cha kunata ndani yake, hata kidogo, alisema, "Ivuteni." Kesho yake alfajiri watu wote walikuwa vitaluni, wanaume wanakwangua, wanawake wanabeba vikapu kichwani, na mvua ilipofika ilikuta udongo mtupu.

Leo vitalu vingi vya Pote vimetandikwa plastiki nyeusi. Chumvi ya plastiki huvutwa ingali changa, nyembamba kama sukari, kisha wanamwaga maji mengine na kuanza upya. Haingojwi, kwa hiyo haihitaji shingo. Upande wa kaskazini Haji Tolak amechimba mabwawa ya kufugia kamba, na mashine zake za kuchapa maji huvuma mchana kutwa hata muadhini hasikiki vizuri. Mattali hana neno jema kwa lolote kati ya hayo.

"Chumvi ya plastiki," husema, "ni mtoto aliyetolewa shule darasa la pili akapewa cheti."

Yeye mwenyewe hakufika hata hilo darasa la pili. Kusoma alijifundisha kwa magazeti yaliyofungia samaki wakavu, akilitegua neno mojamoja huku mafuta ya samaki yakila herufi. Ndiyo maana mpaka leo ana hasira na mtu aliyesomeshwa bure halafu hasomi.

Vitalu vya udongo vilibaki viwili tu, vimetazamana, mfereji katikati. Kimoja cha Mattali, cha pili cha Durakim, mtoto wa baba yake mdogo. Mgongo wa Mattali ulishaikataa reki, kwa hiyo Durakim alifanya kazi ya vitalu vyote viwili: alisindilia sakafu kwa gogo mpaka udongo ukang'aa kama sahani, akafungua lango la bahari, akakokota reki. Mattali alitoa shingo. Na katika Pote yote Durakim ndiye pekee aliyekuwa bado anauliza.

"Shingo inasemaje, kaka?"

Swali hilo, kila Alasiri, ndilo lililomfanya Mattali aendelee kujiona mtu.

Lakini watoto wa Durakim walikuwa Balikpapan, ng'ambo ya bahari, wana duka la kinyozi, na kila Ijumaa walipiga simu wakisema njooni. Haji Tolak naye alikuwa akipitapita akitaka kukodi ardhi. Mwaka huo, mbele ya watu, katika kibanda cha chai cha mkewe Suhriya kando ya barabara ya malori, Durakim alitamka.

"Chumvi ya mwisho ya kiangazi hiki ikitoka nene, tunabaki. Ikienda na maji, na sisi tunaenda."

Suhriya aliendelea kukoroga sukari. Mattali alijua kwamba Durakim si mtu wa kusema maneno ili yasikike. Alijua pia kwamba reki ya Durakim ikiondoka, kitalu chake mwenyewe kimekufa, na shingo haina wa kumwambia.

*

Kituo cha hali ya hewa kilikuja baada ya Maulidi, ndani ya boksi ambalo Hosnia, binti pekee wa Mattali, alilipakata tangu mjini Surabaya. Hosnia anauza dawa katika duka moja la huko, na tangu mama yake afariki hakuacha kumwogopea baba anayesimama juu ya tuta radi zikipiga.

"Baba, hiki kitasimama badala yako," alisema akikata utepe wa boksi. "Wewe ukae barazani unywe kahawa. Joto, unyevu, upepo, mvua, vyote vinaingia kwenye kioo hiki."

"Na mimi niingie wapi?"

"Baba."

"Nauliza tu, mwanangu. Mtu akiletewa mrithi wake ndani ya boksi ana haki ya kuuliza."

Kilikuwa kidude cheupe cha plastiki: vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, mkia wa kuonyesha unatoka wapi, faneli ya kupokea mvua, na chini yake tumbo kama sahani zilizopangwa. Hosnia alitundika kile kioo cha namba ukutani, akaeleza harakaharaka, kisha akawahi basi la mchana kwa sababu ya zamu yake. La mwisho alilosema ni kwamba kidude kiwekwe juu, mahali pa wazi.

Na mahali pa juu na pa wazi katika ua wa mtu wa Pote ni mahali pamoja tu: mlingoti wa tetere. Kila nyumba ina mwanzi mrefu wenye kapi kileleni na kamba ya kuvutia. Asubuhi tetere hupandishwa ndani ya tundu lake, apate jua na upepo, alie vizuri. Jua likitua hushushwa, tundu hufutwa, hufunikwa kitambaa. Kuacha kitu juu ya mlingoti baada ya Magharibi ni aibu ya mwenye nyumba, na wengine wanasema ni kuwakaribisha majini. Tetere wa Mattali alikufa mvua zilizopita, naye hakutafuta mwingine. Mlingoti ulikaa mtupu. Basi alikifunga kituo kwenye kamba, akavuta, kikapanda kikiyumba mpaka juu.

Hakuna aliyemwambia akishushe jioni. Mkono ulioshusha ndege maisha yote haungoji kuambiwa. Magharibi alikishusha, akakifuta vumbi, akakiweka barazani karibu na jiko, akakifunika kitambaa cha marehemu tetere. Asubuhi akakipandisha tena.

Ndipo kioo kilipoanza vituko. Jioni kilisema hakuna upepo hata chembe, na joto limepanda. Lilikuwa joto la samaki wanaokaangwa. Asubuhi, jua linawaka na vumbi linatimka barabarani, kilisema mvua imenyesha. Si nyingi, milimita moja, pengine na nusu. Na kesho yake tena. Na kesho yake.

Mattali hakuwa mtu wa kuficha. Alipoulizwa kibandani kituo kinasemaje, alisema kinavyosema.

"Mzee Mattali, nasikia kwako kunanyesha," Haji Tolak alianza siku moja, glasi mkononi.

"Milimita moja."

"Na nguo zilizokuwa kambani?"

"Zimekauka."

"Basi mvua hiyo ina adabu. Inajua kuruka kamba ya nguo."

Wapakiaji wa lori waliangua kicheko. Mmoja wao, kijana mwenye mdomo, akauliza kama kile cha juu ya mlingoti ni tetere wa aina gani, mbona halii. Mwenzake akamjibu ni tetere wa plastiki, huyo hulia maji. Jina likashika hapohapo. Tangu siku hiyo watu hawakumwamkia Mattali bila kumuuliza tetere wa plastiki ameliaje.

Durakim hakucheka. Alimimina kahawa kwenye kisahani, akaipuliza.

"Mwacheni kaka yangu," alisema. "Hilo dude ni la mtoto. Shingo bado anayo."

Mattali aliyapokea kama heshima. Baadaye sana ndipo alipoona kwamba siku ile mlango wa kile kidude kusikilizwa ulikuwa unafungwa, na yeye mwenyewe alikuwa ameshika kitasa.

*

Hosnia alipiga simu.

"Baba, huku kwangu kwenye simu naona kila alfajiri mvua, na kila usiku upepo umekufa kabisa. Umekiweka wapi?"

"Juu ya mlingoti wa tetere."

"Vizuri. Umekikaza?"

"Nimekikaza kwenye kamba."

"Kamba gani?"

"Ya kupandishia. Asubuhi nakipandisha, Magharibi nakishusha."

"Unakishusha kwa nini, Baba?"

"Kilale."

Akamsikia bintiye akicheka, akijizuia, akishindwa, kicheko kilekile cha marehemu mama yake. Mattali alingoja kiishe. Kisha Hosnia akamweleza. Ndani ya faneli mna kibembea chenye vijiko viwili. Maji yakijaza kijiko kimoja kinaanguka, cha pili kinanyanyuka, na kila kuanguka kunahesabiwa. Ukikivuta kwa kamba kikayumba, kibembea kinaanguka chenyewe.

"Kwa hiyo mvua yote hii ni mkono wangu."

"Ni mkono wako, Baba."

Aliona haya, lakini alipokaa akalifikiri jambo lile kwa siku nzima, haya iliondoka ikabaki kama furaha ndogo. Kidude hakikusema uongo. Kilisema kibembea kimeanguka, basi. Neno mvua liliongezwa na watu.

Alimwita Durakim, akaja na ngazi na vipande vya mabati, akakipigilia kileleni kwa misumari.

"Kwa hiyo leo ndege analala nje?" Durakim alisema akiwa juu, misumari mdomoni.

"Analala nje."

"Na majini wakimchukua?"

"Watajua joto lao."

Mvua za asubuhi zikaisha. Jina halikuisha. Kijiji kilichopata kitu cha kuchekea hakikirudishi kwa sababu tu kimetengenezwa.

Basi Mattali akakaa mbele ya kile kioo kama alivyokaa zamani mbele ya gazeti lenye mafuta ya samaki. Alianza na lile lililomsumbua zaidi. Kila siku baada ya Alasiri kioo kilichora wingu lenye matone, na mbingu iko safi. Hosnia alimwambia wingu huchorwa mgandamizo wa hewa ukishuka. Akautazama mgandamizo. Ni kweli ulishuka kila alasiri, lakini kuelekea usiku ulipanda, na asubuhi jua likishika nguvu ulikuwa juu tena. Mtu aliyefungua na kufunga lango la bahari tangu utotoni hawezi kuliona hilo akalikosa. Hewa nayo inajaa na kupwa. Wale waliotengeneza kioo lazima walitoka nchi ambayo hewa haishuki ila kuna jambo. Wao wakachora wingu, wakalituma Pote. Tangu hapo hakuitazama picha. Alilinganisha alasiri ya leo na alasiri ya jana, kama mtu anavyolinganisha maji kujaa kwa maji kujaa, wala si kwa maji kupwa.

Unyevu ulimkwaza zaidi. Alfajiri tisini kwa mia, adhuhuri hamsini na kitu. Bahari iko palepale, hewa ni ileile, maji yameenda wapi? Alizunguka na swali hilo mpaka siku aliyohamisha mchuzi kutoka sufuria ndogo kwenda kubwa, na mchuzi uliokuwa umejaa pomoni ukawa umelala chini. Hewa ya adhuhuri ni sufuria kubwa. Joto limeipanua. Ile hamsini haisemi maji ni machache, inasema sufuria imekuwa kubwa. Mtu wa chumvi akiifuata namba hiyo peke yake, kila adhuhuri atadhani kiangazi kimeanza upya.

Chini ya namba hiyo kulikuwa na nyingine ndogo, ambayo hakuijali. Nyuzi za umande, Hosnia aliita. Alisema ni joto ambalo hewa ikipozwa mpaka hapo inaanza kutoka jasho, na kwamba namba hiyo haichezi na sufuria. Inasema maji yenyewe ni kiasi gani. Mattali aliitika ndiyo ndiyo, kama watu wanavyoitikia simu, wala hakuelewa.

Alielewa kibandani. Suhriya alikuwa akiwahudumia wapakiaji chai ya barafu, na kila alipoondoa glasi alifuta meza, akakamua kitambaa, akafuta tena.

"Shemeji," Mattali alimwambia, "leo unaifuta hiyo meza kama ina deni."

"Glasi zinatoka jasho. Tangu Ijumaa. Barafu ileile, chai ileile, mwezi jana meza ilikuwa kavu mpaka natafuta kazi."

Mattali aliiangalia glasi iliyokuwa mbele yake. Matone yalijikusanya ubavuni, yakashikana, yakateremka na kuacha dimbwi dogo kwenye ubao. Maji hayo hayakutoka ndani ya chai. Yalitoka kwenye hewa aliyokuwa anaivuta. Aliamka bila kuimaliza, akaenda nyumbani akasimama mbele ya kioo. Namba ndogo, iliyokaa ishirini na moja kiangazi kizima, ilikuwa ishirini na nne.

Kesho yake ilikuwa ishirini na nne na nusu. Kesho kutwa, ishirini na tano. Mbingu safi kama sahani, upepo wa mashariki unavuma kwa nguvu kuliko mwaka mwingine wowote anaoukumbuka. Na vitaluni, pande zote mbili za mfereji, chumvi ya mwisho imelala, nene, nyeupe, karibu kuiva.

*

Alasiri hiyo Durakim alimkuta juu ya tuta, kofia mkononi.

"Shingo inasemaje, kaka?"

Mattali alikuwa ameshasimama muda mrefu. Ngozi ilikuwa imekaza, kavu, kama alivyofundishwa na baba yake.

"Shingo inasema ilale."

"Basi ilale."

"Lakini ivute."

Durakim alimtazama.

"Nani anasema nivute?"

"Namba ya umande. Imepanda, haijageuka."

"Tetere."

"Hata glasi za mkeo zinasema."

"Kaka, mimi sina ugomvi na glasi. Nakuuliza wewe. Baba yako alimwambia baba yangu ilale, ikalala. Wewe umeniambia mimi maisha yangu yote, na sijawahi kuvuta maji ya mvua kwa neno lako. Shingo inasema nini?"

"Nimekwambia inasema nini. Nakwambia pia imedanganywa. Upepo ni mkali mno, unaikausha ngozi kabla haijajua kilichomo. Mna maji ndani ya upepo huu, Durakim."

"Upepo wa mashariki una maji tangu lini?"

"Tangu mwaka huu. Au tangu miaka mingi, sijui, tulikuwa hatupimi. Bahari imekuwa ya moto. Pepo si zile."

"Au wewe si yule," Durakim alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema taratibu, kama mtu anayemgundua mwenzake ana homa. Suhriya alikuwa amefika na bakuli la wali wa mahindi na samaki, akasimama chini ya tuta.

"Mume wangu, vuta hata nusu," alisema.

"Nusu si nene. Nilisema nene, mbele ya watu. Bado siku mbili tu."

"Ulisema mbele ya watu, si mbele ya mvua."

"Mama, lete chakula."

Wakala. Hawakulizungumza tena. Durakim alimtoa mwiba samaki wa Mattali kama alivyofanya siku zote tangu macho ya mzee yapungue nguvu, akamwekea pembeni ya wali.

Wakati wa kurudi nyumbani, Mattali alilijua vizuri neno ambalo lingeiokoa ile chumvi. Lilikuwa moja. Ivuteni. Angelitamka bila kutaja kioo wala glasi, ukosi umeshushwa, macho yamefumbwa, na Durakim angekuwa kitaluni kabla ya jua kuchomoza. Hata sasa angeweza kugeuka, avuke ubao wa mfereji, aseme shingo imebadilika. Alisimama pale kwenye ubao. Maji ya mfereji yalikuwa yanapwa.

Lakini Rabuna hakumwachia shingo ya kusema anachokitaka. Alimwachia ya kusema inachokisikia. Watu walioingoja miaka yote hiyo walingoja hicho, na leo alikuwa amebaki mmoja. Mattali alihisi kwamba akimdanganya huyu mmoja, hata kwa wema, basi hakuna kilichowahi kuwapo: wala baba yake, wala tuta, wala watu na vikapu alfajiri. Angekuwa amebaki mzee mwenye kofia mkononi.

Alivuka, akaenda nyumbani.

*

Mvua ilinyesha kesho yake baada ya Adhuhuri. Haikuja na radi wala upepo. Ilitanda tu, laini, pana, kutoka mashariki hukohuko, ikalala juu ya Pote kama mgeni asiye na haraka.

Wenye plastiki walikuwa wameshavuta zamani, wakakaa barazani na simu zao. Durakim alikimbia na reki, akakwangua mstari mmoja, wa pili, kisha akasimama. Suhriya aliendelea kuburuta vikapu mpaka kilichokuwemo kikawa tope la kijivu. Chumvi ikiyeyuka haina sauti. Inakuwa nyeupe, inakuwa kama glasi, inakuwa udongo. Mattali alishika kikapu upande mmoja, mgongo ukamkatalia, akaketi kwenye tuta mvua ikimpiga kisogoni, na sasa shingo ilijua, kama kila mtu alivyojua.

Nyumbani kioo kilikuwa kimehesabu milimita kumi na nane. Safari hii kila moja ilikuwa mvua.

Haji Tolak alimpitia siku iliyofuata. Mattali alijiandaa kwa mzaha wa tetere, akawa na jibu lake. Lakini Haji Tolak alikaa ukingoni mwa baraza, akakubali kahawa, akasema, "Pole, mzee. Ile ilikuwa chumvi." Akanywa akaondoka. Mattali angependa zaidi kuchekwa.

Durakim hakumlaumu. Alikuja kila Alasiri kama kawaida, wakakaa juu ya tuta, wakavuta sigara zao za karafuu wakiangalia vitalu viwili vilivyojaa maji ya mvua. Jambo moja tu lilibadilika. Hakuuliza. Mattali alivua kofia siku ya kwanza, akangoja, akairudisha kichwani. Siku ya pili hakuivua.

Ardhi ya Durakim ilikwenda kwa Haji Tolak. Ya Mattali haikwenda kwa mtu. Imekaa tu, inaota majani ya chumvichumvi, na bata wa jirani wanaikanyaga ile sakafu iliyosindiliwa na Durakim, na kabla yake na watu watatu waliokwisha kufa. Wanaopita humwuliza kwa nini asiikodishe. Huwajibu anaipumzisha.

Na alfajiri ya siku ile Durakim na mkewe walipoondoka kwenda Balikpapan, Mattali hakutaka kwenda barabarani. Alisema mgongo. Lakini jua lilipochomoza alisimama mbele ya kioo, akasoma namba zote kuanzia juu hadi chini, kisha akavaa kofia akaenda.

Gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama palipokuwa kibanda cha chai. Godoro, masufuria, cherehani, mabunda ya nguo, vyote juu, wazi. Suhriya alikuwa ameketi mbele karibu na dereva, tundu la tetere mapajani, ndege anahangaika kwa mngurumo wa injini. Alimpa Mattali glasi moja ya kibandani kupitia dirishani.

"Weka barafu, shemeji," alisema. "Utaniona."

Durakim alikuwa anakaza kamba ya godoro. Alipomaliza alipangusa mikono kwenye msuli aliojifunga, wakashikana mikono. Mbingu ilikuwa safi. Mashine za kamba zilivuma kule kaskazini. Durakim alitazama juu, akatazama mzigo wake, akamtazama mzee.

"Tetere anasemaje, kaka?"

Mattali alikohoa kidogo.

"Umande ishirini na sita. Mgandamizo uko chini kuliko jana wakati huuhuu, na juzi. Hamfiki bandarini nyie hamjaloa."

Dereva aliangalia mbingu, akacheka puani. Durakim alipanda nyuma, akavuta turubai la kijani lililokuwa limekunjwa chini ya godoro, akalitandaza juu ya mzigo wote, akalikaza kona moja, na ya pili, akizunguka bila haraka, akijaribu kila fundo kwa mkono. Halafu akashuka, akaufungua mlango, akalichukua tundu kutoka mapajani mwa mkewe, akalifunika kitambaa, akalirudisha.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona: gari likipita kando ya mabwawa ya Haji Tolak na kukata kona, turubai limekazwa pande zote, chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja.